Mzee Aliyekonda Penye Chakula: Uchambuzi wa Kisa Kimoja katika Makazi ya Wazee

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mwanamume wa miaka 78, fundi mstaafu wa kuunda mashua, ambaye alikuwa ameishi kwa miaka mitatu katika makazi ya wazee kwenye pwani ya Tanzania nilipoitwa kumwona nikiwa afisa lishe wa halmashauri. Mwenyewe ameridhia habari zake ziandikwe, na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyaacha au nimeyabadilisha; nitamwita Mzee tu, kama wanavyomwita wenzake. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu Mzee alikuwa akikonda mahali ambapo chakula hakikukosekana hata siku moja, na kwa sababu kila aliyemhudumia alikuwa akifanya kile alichoamini kuwa ni kwa faida yake.

Makazi hayo yalikuwa na wazee 43. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, lakini wanaofika katika makazi ya namna hii huwa wamevuka umri huo kwa mbali na wengi wao hawana ndugu wa kuwatunza. Jikoni kulikuwa na wapishi wawili, wanawake wenye bidii, waliopika kwa kuni kuanzia alfajiri. Chai na mkate vilitolewa saa 2 asubuhi. Ugali au wali, maharage na mboga za majani saa 7 mchana. Na chakula cha jioni, ambacho mara nyingi kilikuwa uji au mabaki ya mchana, saa 11, kwa kuwa wapishi walitakiwa kuwahi usafiri kabla ya giza. Msomaji akihesabu ataona kwamba kati ya saa 11 jioni na saa 2 asubuhi zinapita saa 15 ambazo mzee hali chochote. Hesabu hiyo haikuwa imefanywa na mtu yeyote pale, na mimi mwenyewe niliifanya siku ya pili, si ya kwanza.

Aliyegundua kwamba Mzee anakonda ni mfuaji wa nguo. Wanaume wa pwani huvaa kikoi, na kikoi hukazwa kulingana na kiuno kilichopo, hivyo hakimshtaki mvaaji kama suruali inayoporomoka. Siku moja, hata hivyo, Mzee alipeleka kufuliwa suruali aliyoivaa kwenda kliniki, na mkanda wake ukiwa bado umo ndani. Mfuaji aliona matundu matatu mapya yaliyotobolewa kwa msumari, kila moja likiwa limepita lenzake kuelekea ndani, na tundu la mwisho lilikuwa bado jeupe kwa upya wake. Aliuchukua mkanda ule akampelekea muuguzi.

Nilipofika nilimkuta ameketi kitandani, mlango ukiwa wazi, na sahani ya mchana ikiwa juu ya kigoda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamuuliza kama chakula kinamfikia. Alinijibu, "Chakula kipo tele, mwanangu, ila kinywa ndicho kilichokataa." Jibu hilo niliandika kama lilivyo, na baadaye nikaona kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi wangu ilikuwa imekwisha kusemwa ndani yake.

Vipimo vyake vilikuwa hivi. Uzito ulikuwa kilo 48. Kadi ya kliniki ilionyesha kilo 57 miezi sita kabla na kilo 53 miezi mitatu kabla, maana yake alikuwa amepoteza karibu asilimia 16 ya mwili wake kwa nusu mwaka, wakati kupoteza asilimia 10 kwa muda huo tayari ni jambo zito kwa mtu wa umri wowote. Mgongo wake umepinda kwa miaka ya kuinamia mbao, kwa hiyo sikuuamini urefu wa kusimama. Nilikadiria kwa upana wa mkono nikapata sentimita 165, na uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) ukatoka 17.6. Mzingo wa shavu la mguu ulikuwa sentimita 27, ilhali chini ya 31 huhesabiwa kuwa dalili ya kupungukiwa na misuli. Katika dodoso fupi la tathmini ya lishe ya wazee, ambalo alama zake za juu ni 14 na ambalo alama 7 kwenda chini humaanisha utapiamlo, alipata 6. Nilimwomba asimame kutoka kitini na kukaa tena mara tano bila kujishikiza kwa mikono. Alisimama mara mbili, ya tatu akaomba radhi.

Mzee anapokonda kwa kasi hiyo, kabla ya kulaumu sahani ni lazima maradhi yatafutwe. Alipelekwa hospitali, akapita dirisha la wazee, akapimwa makohozi kwa kifua kikuu, akapimwa virusi vya UKIMWI, akapigwa picha ya kifua na kuchunguzwa tumbo. Hakukuonekana ugonjwa mpya. Yaliyokuwapo ni kisukari na shinikizo la damu, ambavyo amekuwa navyo kwa zaidi ya miaka kumi, na himoglobini ya gramu 10.1 kwa desilita moja ya damu, ambapo kwa mwanamume kiwango cha chini kinachotarajiwa ni 13.

Kwa siku tatu nilikaa naye kila alipokula. Naomba wenzangu wa fani hii waniamini kwamba hakuna fomu inayoweza kuchukua nafasi ya kukaa na mtu akila. Mzee alikuwa na meno ya bandia ya taya la juu yaliyokuwa yamelegea kwa sababu ufizi nao hupungua mtu anapokonda, na chini yake kaakaa lilikuwa jekundu kwa fangasi. Alikuwa akiyavaa kwa heshima, wageni wakija, kisha akiyavua ili ale. Tonge la ugali aliligeuzageuza upande wa kushoto palipobaki magego mawili, akalimeza kwa chai. Maharage aliyafyonza moja moja, akatema maganda kwenye mfuniko wa chupa ya chai na kuyafunika kwa karatasi ili mhudumu asione. Mchicha uliokatwa mrefu ulimkaba mara mbili. Alianza kula chumbani peke yake siku ile ile aliyotapika kidogo mezani mbele ya wenzake, na hakurudi tena. Nilipokadiria alichokimeza kweli kwa siku, protini haikufika gramu 20, wakati mzee wa uzito wake anahitaji angalau gramu moja kwa kila kilo ya mwili, na aliyekwisha kukonda anahitaji zaidi.

Hata hivyo kinywa kilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa imebandikwa ukutani jikoni.

Ilikuwa karatasi moja yenye jina la Mzee na orodha ya vyakula 17 vilivyokatazwa. Hakuna mtu mmoja aliyeitunga. Kliniki ya kisukari ilimkataza sukari, wali, sembe, viazi, ndizi mbivu na maembe. Kliniki ya presha ilimkataza chumvi, nazi, mayai na nyama nyekundu. Aliwahi kulalamika maumivu ya tumbo, akaambiwa aache maharage, maziwa na ndimu; aliwahi kuvimba kidole cha mguu, akaambiwa aache dagaa. Mengine yaliongezwa na wazee wenzake. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, aliyakusanya yote mahali pamoja ili wapishi wasikosee. Mpishi mkubwa aliniambia kwa uchungu, "Daktari, nikiifuata karatasi ile yote, kitakachobaki ni maji." Na kweli, ukiacha maharage aliyoendelea kupewa licha ya karatasi, kilichokuwa kikimfikia Mzee ni ugali wa dona mgumu, mchicha uliochemshwa bila chumvi wala mafuta, na chai ya rangi bila sukari.

Hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Masharti ya chakula yaliyotungwa kwa ajili ya mtu wa miaka 45 mwenye kitambi, ambaye tunataka asipate kiharusi baada ya miaka 20, hayawezi kuhamishiwa kwa mzee wa miaka 78 mwenye kilo 48. Mwongozo wa lishe ya wazee unaofuatwa na wataalamu wa Ulaya unasema wazi kwamba vyakula vya masharti makali viepukwe kwa wazee walio katika hatari ya utapiamlo, na hata malengo ya sukari kwenye damu hulegezwa kwa wazee walio dhaifu. Kwa Mzee, hatari ya mwaka huu ilikuwa kuanguka, kuvunjika nyonga na kulala kitandani bila kuinuka. Hatari hiyo ilikuwa ikilishwa na karatasi iliyokusudiwa kumlinda.

Tena ilikuwa imekwisha kuanza kumdhuru kwa njia ambayo hakuna aliyeitambua. Mlinzi wa usiku alisema kwamba mara kadhaa, karibu na adhana ya alfajiri, alimkuta Mzee amekaa ukingoni mwa kitanda akitokwa na jasho jembamba, akiita majina ya watu waliokufa zamani na akishindwa kufunga kikoi. Watu wa makazi waliamini kwamba uzee umeanza kumchukua akili. Nilimwomba muuguzi amsubiri alfajiri na kipimo cha sukari, na usiku wa pili kipimo kilisoma milimoli 3.1 kwa lita, wakati chini ya 4 huhesabiwa kuwa sukari imeshuka mno. Mzee alikuwa akitumia glibenklamidi, dawa inayoushurutisha mwili kutoa insulini hata kama hakuna chakula, ambayo kwa wazee inajulikana kwa kushusha sukari kwa muda mrefu. Dawa ya namna hiyo, ikikutana na sahani isiyoliwa na saa 15 za njaa, huleta hali ile ile aliyoiona mlinzi. Kubadili dawa si kazi ya afisa lishe, kwa hiyo nilimwandikia daktari, naye akaisimamisha na kumbakiza kwenye metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake. Kwa kuwa metformini ikitumiwa kwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na Mzee alikuwa tayari na upungufu wa damu, daktari aliongeza tiba ya vitamini hiyo pamoja na madini ya chuma. Yale majina ya marehemu hayakusikika tena baada ya juma la kwanza. Nasikitika nikifikiria ni wazee wangapi, majumbani na katika makazi, wanaoambiwa wamechanganyikiwa ilhali wana njaa ya alfajiri.

Suala la chumvi nililifuatilia kwa sababu liliwahusu wote. Wazee 11 wenye presha walipikiwa sufuria yao isiyo na chumvi hata punje, na wengi wao waliiacha sahani. Wengine 32 walipikiwa sufuria yenye chumvi, na pakiti ya nusu kilo iliisha kwa siku moja na nusu, ambayo ni gramu 10 na ushei kwa kila mtu kwa siku, mara mbili ya kikomo cha gramu 5 kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Yaani kundi moja lilinyimwa ladha na kundi la pili lilikuwa likiandaliwa kuingia katika lile la kwanza. Tulikubaliana kuwe na sufuria moja kwa wote, pakiti moja idumu siku tatu, na upungufu wa ladha uzibwe kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, bizari na nyanya. Wapishi walifurahi kupunguziwa sufuria moja ya kuosha. Malalamiko ya wazee yalidumu majuma mawili, kisha yakapungua.

Maji nayo yalikuwa na kisa chake. Mzee hakunywa chochote baada ya saa 9 mchana kwa sababu choo kilikuwa nje, mwendo wa hatua thelathini kwenye sakafu inayoteleza na taa iliyoungua. Hakuhitaji mawaidha juu ya faida za maji. Alihitaji taa, kamba ya kushikilia njiani, na ndoo yenye mfuniko chumbani. Vilipopatikana, alianza kunywa mwenyewe, na tatizo la kufunga choo, ambalo naye alilihesabu kuwa ni uzee, likaondoka pamoja na kiu.

Mpango wa chakula tuliupanga tukiwa watatu, mimi, mpishi mkubwa na Mzee mwenyewe, tukianza na swali la kile anachokipenda. Alisema muhogo wa nazi na samaki. Vyote viwili, nazi na muhogo, vilikuwa kwenye orodha ya kukatazwa, na ndivyo vilivyorudi kwanza: muhogo uliopikwa hadi ukalegea, kiasi cha kikombe kimoja, ukiwa na tui jepesi na kipande cha changu au kibua kilichochambuliwa miiba, ambacho peke yake kilimpa protini gramu 18 hivi. Asubuhi alipewa uji wa ulezi uliokorogewa unga wa karanga, pamoja na yai. Saa 4 alipewa kikombe cha maziwa na papai au ndizi. Maharage yalibadilishwa kuwa choroko zilizochemshwa hadi zikavurugika, na dagaa, ambao kidole chake hakikuwahi kuwalalamikia walipojaribiwa upya kidogo kidogo, walikaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kunyunyizwa kwenye mboga kama kiungo. Mchicha ulikatwa mwembamba na kutiwa mafuta kijiko kimoja. Chai ilihamishiwa saa moja baada ya mlo, kwa kuwa chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasinyonywe vizuri. Chakula cha jioni kilisogezwa hadi saa 12 na nusu kwa kubadili zamu za wapishi, na saa 3 usiku kikaongezwa kikombe cha uji wa maziwa au maziwa ya mgando. Wingi uliongezwa polepole katika juma la kwanza, kwa sababu mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu hudhurika ukishindiliwa chakula ghafla. Sukari ya mezani na soda vilibaki kukatazwa, hilo sikulilegeza. Meno yalitengenezwa upya hospitalini, na fangasi wakatibiwa kwa dawa ya kusukutua.

Gharama ilizungumzwa kwa uwazi na msimamizi, kwani mayai na maziwa si bei ya maharage. Lakini katika stoo nilihesabu katoni za biskuti, juisi za kopo na sukari zilizoletwa na wafadhili wakati wa Idi, watu wema waliokuja na familia zao kuwasalimia wazee. Msimamizi aliandika barua moja ya kuwashukuru na kueleza kwamba kinachohitajika zaidi ni mayai, dagaa, karanga, unga wa ulezi na samaki, na robo tatu ya waliofuata walileta vitu hivyo. Watu hutoa wanachofikiri kinahitajika, hawakuwahi kuambiwa.

Kizuizi kikubwa zaidi kilikuja mwezi wa pili wa mpango, ulipokaribia mwezi wa Ramadhani. Mzee alisema atafunga, kama alivyofunga maisha yake yote, na mtu mwenye imani hashawishiwi kwa namba za kilo. Daktari alimweleza hatari, lakini aliyelimaliza jambo ni imamu wa msikiti wa jirani, aliyekuja baada ya Alasiri, akaketi naye mkekani na kumkumbusha kwamba mzee na mgonjwa asiyeweza kufunga ameruhusiwa kutoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku. Mzee aliuliza maswali mengi, mengine makali. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba fidia itoke katika fedha zake mwenyewe na kwamba saa ya kufuturu aketi mezani na wenzake. Huko ndiko alikorudi kula pamoja na watu, na tangu hapo hajarudi kula chumbani.

Baada ya miezi minne uzito ulikuwa kilo 52.4, himoglobini 11.8, na mzingo wa shavu la mguu sentimita 28 na nusu. Alisimama na kukaa mara tano kwa sekunde 17. Tungependa iwe chini ya 15, na msuli uliopotea katika umri huo hurudi kwa shida, ndiyo maana kila asubuhi hufanya zoezi hilo hilo la kitini kabla ya uji. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa kati ya 7 na 9, kiwango ambacho daktari alikikubali. Karatasi ya jikoni imeondolewa, na kwa wazee wengine saba waliokuwa na karatasi kama ile tumeanza mapitio ya mmoja mmoja.

Jambo moja halijatengemaa. Kikombe cha saa 3 usiku kilikuwa kikitolewa na mlinzi yule yule aliyeona jasho la alfajiri, kwa hiari yake, kwa kuwa hakuna mhudumu mwingine anayekuwapo saa hizo. Alipokwenda likizo mwezi wa tano wa mpango, kikombe kilikoma kwa siku 16 bila mtu kutambua, na Mzee akapungua gramu 700. Sasa chupa ya uji imeingizwa kwenye daftari la makabidhiano ya zamu, mstari mmoja chini ya dawa za usiku, na anayeipokea anatia saini.